Zingira Wei, Iokoe Zhao: Msemo wa Kichina Unaoficha Mji Ulioanguka

Wachina wana misemo ya maneno manne wanayoiita chengyu, na mingi kati yake ni hadithi nzima iliyokazwa mpaka ikabaki herufi nne tu. Mmoja wao ni wei Wei jiu Zhao, yaani zingira Wei, iokoe Zhao. Katika orodha ya zile Mbinu Thelathini na Sita ambazo watu hupenda kutumiana na kunukuu, huu utaukuta wa pili kutoka juu. Mafunzo yake ni haya: rafiki yako akishambuliwa na mwenye nguvu, usikimbilie pale anaposhambuliwa. Nenda ukapige nyumbani kwa mshambuliaji. Atageuka mwenyewe kwenda kuokoa chake, rafiki yako atapumua, na wewe utakutana na adui akiwa njiani, amechoka na hajajipanga.

Maana hiyo ni sahihi, na mbinu yenyewe ni ya kiwango cha juu kabisa katika sanaa ya vita. Nisichokubaliana nacho ni sura ya wokovu inayovishwa. Tunasimuliwa kana kwamba Zhao ilipona. Haikupona. Handan, makao makuu ya Zhao, mji ambao ndio uliokuwa ukizingirwa, ulitekwa na ukakaa mikononi mwa adui karibu miaka miwili. Msaidizi alishinda vita vyake vizuri sana. Aliyesaidiwa alipoteza mji wake. Tena kumbukumbu za kale zinaonyesha kwamba kuanguka huko hakukuwa bahati mbaya: kulipigiwa hesabu barazani kabla jeshi la msaada halijatoka.

Tuanze na ramani. China ya karne ya 4 KK haikuwa nchi moja. Zilikuwapo falme saba kubwa zilizokuwa zikilana, ndiyo maana wanahistoria wameziita zama zile Zama za Falme Zinazopigana. Tatu kati yake, Wei, Zhao na Han, zilitokana na ufalme mmoja wa Jin uliogawanywa na koo zake zenye nguvu, na mwaka 403 KK mfalme wa Zhou akazitambua rasmi. Kwa hiyo Wei na Zhao walikuwa ndugu wa tumbo moja, na kama ilivyo kwa ndugu waliogawana urithi, mipaka yao haikukaa ikatulia. Upande wa mashariki, katika Shandong ya leo, ulikuwapo ufalme wa Qi, tajiri wa chumvi na samaki. Kusini ilikuwapo Chu, kubwa kuliko wote kwa eneo. Magharibi ilikuwapo Qin, ambayo wakati huo wengi waliiona ya washamba.

Katikati ya karne hiyo aliyekuwa akiogopwa zaidi ni Wei. Mfalme wake, Hui, alikuwa amehamishia makao yake Daliang, mahali ulipo mji wa Kaifeng siku hizi. Mji huo ulikuwa mzuri kwa biashara, lakini ulikaa kwenye uwanda ulio wazi, bila mlima wala genge la kuukinga. Jambo hilo tuliweke akilini, maana bila uwanda ule msemo huu usingezaliwa. Mwaka 354 KK Zhao iliivamia nchi ndogo iliyokuwa chini ya kivuli cha Wei. Mfalme Hui akajibu kwa kishindo: akatuma jeshi kuuzingira mji wa Handan wenyewe, likiongozwa na jemadari Pang Juan. Zhao ikapeleka wajumbe Qi kuomba msaada.

Hapa ndipo anapoingia Sun Bin, na maisha ya mtu huyu ndiyo yanayowafanya wasomaji wengi wasahau kuuliza maswali kuhusu Handan. Sima Qian, mwanahistoria mkuu wa enzi ya nasaba ya Han iliyokuja baadaye (si ule ufalme wa Han), anaeleza kwamba Sun Bin na Pang Juan walisoma sayansi ya vita kwa mwalimu mmoja. Pang Juan akapata cheo Wei, lakini moyoni alijua kwamba mwenzake anamzidi. Akamwita kwa siri, akamzushia kosa, akahakikisha anakatwa miguu na kuchorwa alama usoni ili asionekane tena mbele za watu. Bin ni jina la adhabu hiyo. Jina alilopewa na wazazi wake halikubaki popote. Baadaye mjumbe wa Qi aliyefika Wei alikutana naye faraghani, akatambua ana hazina mbele yake, akamficha ndani ya gari lake na kutoroka naye hadi Qi.

Huko alipokelewa na jemadari Tian Ji, mpenzi wa mashindano ya farasi ya kamari. Sun Bin aliona kwamba farasi wa pande zote hawapitani sana na kwamba wamegawanywa katika madaraja matatu. Akamshauri mwenyeji wake aweke dau kubwa, kisha ampeleke farasi wake dhaifu ashindane na bora wa mpinzani, bora wake ashindane na wa kati wa mpinzani, na wa kati wake ashindane na dhaifu wa mpinzani. Tian Ji akapoteza mbio moja, akashinda mbili, na kuondoka na dhahabu elfu moja ya mfalme. Watu huisimulia habari hii kama kichekesho cha akili. Naomba msomaji aitunze kwa sababu nyingine: farasi wa kwanza alipelekwa uwanjani akijulikana kwamba atashindwa.

Mfalme wa Qi alipotaka kumpa Sun Bin uongozi wa jeshi la kuikomboa Zhao, alikataa, akisema mtu aliyekatwa kwa hukumu hafai kuwa jemadari. Uongozi akapewa Tian Ji, naye Sun Bin akakaa ndani ya gari lililofunikwa, akipanga mipango. Tian Ji alitaka kwenda moja kwa moja Handan. Sun Bin akamzuia. Anayetaka kufungua uzi uliosokotana, alimwambia, haukamati kwa ngumi, na anayeamua ugomvi hajiingizi kurusha ngumi naye. Piga pale palipo wazi. Askari bora wa Wei wamekwisha huko nje, nyumbani wamebaki wazee na wanyonge waliochoka. Kimbilia Daliang, ziba njia zake, gonga mahali pasipo na ulinzi. Lazima waiache Zhao wakajiokoe. Na akamalizia kwa kauli ambayo wanaounukuu msemo huu huiruka: kwa tendo moja, sisi tutakuwa tumeuvunja mzingiro wa Zhao na kuvuna uchovu wa Wei.

Neno kuvuna halikuteleza ulimini. Ndiyo shabaha iliyotajwa wazi.

Katika wasifu wa Sun Bin, Sima Qian anasema mambo yalikwenda kama yalivyopangwa: Wei wakaondoka Handan, Qi wakawakabili Guiling mwaka 353 KK na kuwavunja vibaya. Ukiishia sura hiyo, msemo umekamilika. Lakini Sima Qian huyohuyo, katika sura za historia ya kila ufalme, ana hesabu nyingine. Katika sura ya Qi anaandika kwamba Handan ilianguka mwezi wa kumi, ndipo Qi ikaishambulia Wei na kuishinda Guiling. Katika sura za Wei na Zhao anathibitisha kwamba mji ulitekwa, na kwamba ulirudishwa baada ya miaka miwili, pale wafalme wa pande mbili walipoapishana kando ya Mto Zhang. Basi wale waliokuwa ndani ya kuta za Handan hawakupata nafuu yoyote kutokana na ushindi wa Guiling siku ile. Walikuwa tayari chini ya utawala wa Wei.

Kwa nini Qi ilichelewa? Jibu linapatikana katika mjadala wa barazani ambao Sima Qian ameuhifadhi, na ambao umo pia katika Zhanguo ce, mkusanyiko wa hotuba na hila za kisiasa za zama zile. Mfalme aliuliza kama asaidie au asisaidie. Waziri Zou Ji akasema tusisaidie. Mshauri mwingine, Duangan, akapinga: Wei ikiimeza Handan, sisi tutafaidi nini? Mfalme akafurahi, akataka jeshi lipelekwe Handan. Duangan akamkatiza. Tukipiga kambi karibu na Handan, alieleza, vita vitasimama, Zhao haitaumia na Wei itabaki nzima. Afadhali tuishambulie Xiangling, mji wa Wei upande wa kusini, ili Wei ichoke. Handan ikianguka, tutaitumia hali hiyo ya uchovu. Hapo Zhao itakuwa imevunjika na Wei itakuwa imedhoofika. Mfalme akakubali.

Waswahili tuna methali inayolifaa jambo hili bila kupunguza wala kuongeza: vita vya panzi, furaha ya kunguru. Duangan hakuona aibu kuusema waziwazi ule mpango wa kunguru, kwa sababu kwenye baraza la mfalme wa Qi hapakuwa na mtu wa Zhao wa kusikiliza. Na Qi haikuwa peke yake. Huko Chu nako palikuwa na mjadala wa aina hiyo. Waziri mmoja alitaka Zhao iachwe kabisa. Jing She akashauri wapeleke jeshi dogo tu, la kuwapa Zhao moyo wa kuendelea kupigana ili wazidi kuumizana na Wei. Jeshi dogo likapelekwa. Handan ikaanguka, Chu ikajichukulia ardhi ya Wei kati ya mito Sui na Hui. Qin nayo, kule magharibi, ilikuwa imekwisha kuipiga Wei na kuichukua Shaoliang. Wote hawa kwa namna fulani walikuwa wakiisaidia Zhao, na kila mmoja alitoka na kipande chake.

Ushahidi mzito kuliko wote ulifukuliwa ardhini. Aprili 1972, huko Yinqueshan katika mji wa Linyi, Shandong, waakiolojia walifungua makaburi ya enzi ya Han na kukuta vipande vya mianzi vilivyoandikwa, karibu elfu tano kwa jumla. Miongoni mwake kulikuwa na kitabu cha vita cha Sun Bin, kilichokuwa kimepotea kwa muda mrefu kiasi kwamba baadhi ya wasomi walishaanza kutilia shaka kama kiliwahi kuwapo. Sura yake ya kwanza inaeleza namna Pang Juan alivyokamatwa Guiling, na simulizi hiyo ni ngumu na ya kikatili kuliko ile tuliyozoea.

Kwa mujibu wa mianzi ile, kila upande ulikuwa na askari 80,000 wenye deraya. Sun Bin hakumwambia Tian Ji waende Daliang mara moja. Alimwambia kwanza waende kusini kuushambulia mji wa Pingling, mji mdogo wenye wilaya kubwa, watu wengi na silaha nyingi, mgumu kutekwa, na ambao njia ya kuuendea ingeweza kukatwa na adui nyuma yao. Yaani alichagua kwa makusudi shabaha ya kipumbavu. Alitaka Pang Juan aamini kwamba majemadari wa Qi hawajui kazi. Kisha akamuuliza Tian Ji: kati ya maofisa wetu wa miji, ni nani asiyeyajua mambo ya vita? Tian Ji akawataja wa Qicheng na Gaotang. Hao ndio waliopelekwa na majeshi yao kuushambulia mji, nao wakapondwa vibaya.

Baada ya hapo ndipo Sun Bin alipotuma magari mepesi ya vita kuelekea viunga vya Daliang, ili kumchokoza Pang Juan, na kikosi kidogo kikifuata nyuma ili Qi waonekane wachache. Pang Juan, mwenye uhakika sasa kwamba anashughulika na wajinga, akaacha mizigo yake na kurudi mbio usiku na mchana. Sun Bin alikuwa akimsubiri Guiling. Mianzi inasema alimkamata.

Tazama sasa kile kilichobaki cha maneno manne. Daliang haikuzingirwa; ilichokozwa tu. Zhao haikuokolewa kwa maana ambayo mkazi wa Handan angeielewa. Kilichofanyika ni shambulizi la kuvizia, la ustadi mkubwa, lililolipiwa kwa maisha ya watu wa Qi waliopelekwa Pingling kama yule farasi dhaifu, na kwa mji wa rafiki ulioachwa uanguke ili adui achoke vya kutosha. Mtu akiniambia vita ndivyo vilivyo, sitabishana naye. Ninachokataa ni kuliita tendo hilo wokovu halafu tukawafundisha vijana kwamba ndivyo rafiki anavyosaidiwa.

Mashaka yoyote kuhusu tabia ya Qi huondolewa na kilichofuata miaka kumi na kidogo baadaye. Wei iliishambulia Han, Han ikaomba msaada Qi. Safari hii Sima Qian anaweka ushauri moja kwa moja kinywani mwa Sun Bin: tukienda kabla Han na Wei hawajachoka, tutakuwa tunapokea mapigo badala ya Han na kuishia kutii amri zake. Tuwaahidi msaada kwa siri, kisha tuchelewe. Han, wakiitegemea ahadi hiyo, walipigana mara tano, wakashindwa mara tano. Ndipo Qi ikatoka. Vita vya Maling, mwaka 341 KK, ndivyo vyenye ile hila maarufu ya majiko: Sun Bin alirudi nyuma huku akiagiza yawashwe majiko ya watu laki moja siku ya kwanza, elfu hamsini siku ya pili, elfu thelathini siku ya tatu, mpaka Pang Juan akasadiki kwamba askari wa Qi wanatoroka. Alifukuzia na askari wepesi hadi kwenye njia nyembamba, akakutana na mishale, na huko, kwa simulizi ya Sima Qian, akajikata koo. Kwamba mianzi inasema alikamatwa Guiling na Sima Qian anasema alikufa Maling si lazima vipingane. Mateka wa cheo chake waliweza kurudishwa. Mwanamfalme Shen wa Wei alitekwa, na ukuu wa Wei ukaisha moja kwa moja.

Sasa tuitazame mbinu kama mbinu, maana inastahili. Nguvu yake haiko katika kwenda mahali pengine tu, kama wanavyodhani wengi. Yanahitajika mambo kadhaa kwa pamoja. Adui awe ametoa watu wake bora nje. Awe ameacha nyuma kitu asichoweza kuvumilia kukipoteza. Kitu hicho kiwe wazi kweli, siyo kwa makadirio yako tu. Njia anayorudia iwe inajulikana. Na juu ya yote awe mtu wa kushtuka. Daliang ya uwandani ilitimiza masharti ya ardhi, na Pang Juan akatimiza la mwisho kwa hasira zake. Sharti moja likikosekana, mbinu inamgeukia mwenyewe.

Mfano wake mkubwa ni Guandu, mwaka 200 BK. Cao Cao, aliyekuwa na jeshi dogo, alitoka usiku kwenda kuichoma ghala ya chakula ya Yuan Shao huko Wuchao. Mshauri Guo Tu akatoa hoja ambayo Sun Bin angeitambua papo hapo: tusiende Wuchao, tuishambulie kambi ya Cao Cao naye atarudi mwenyewe. Zhang He, aliyekuwa askari wa kweli, akaonya kwamba kambi ile ni imara, haitatekeka, na Wuchao ikiungua tumekwisha. Yuan Shao alipeleka wapanda farasi wachache tu Wuchao na jeshi zito kwenye kambi. Kambi haikutetereka. Cao Cao hakugeuka. Ghala likateketea, Zhang He akajisalimisha kwa adui, na jeshi kubwa la kaskazini likasambaratika. Guo Tu alikuwa ameijua hila bila kuujua msingi wake, kwamba nyumba ya adui sharti iwe tupu.

Waasi wa Taiping walionja pande zote mbili za mbinu hii ndani ya mwaka mmoja na nusu. Mapema mwaka 1860 mji wao mkuu, Nanjing, ulikuwa umekabwa na kambi kubwa ya majeshi ya nasaba ya Qing. Li Xiucheng akatoka na kwenda kuivamia Hangzhou, mbali kusini mashariki, akaingia mjini mwezi Machi. Kambi ya Qing ikapunguza watu kwenda kuiokoa Hangzhou. Li akageuka kimyakimya, akarudi mbio kuungana na wenzake, na mwezi Mei wakaivunja ile kambi iliyopunguka. Hapa mzingiro uliondoka kweli. Mwaka uliofuata walijaribu tena ili kuuokoa mji wao wa Anqing, kwa kutishia miji ya Wuhan juu ya Mto Yangtze. Chen Yucheng alifika hadi Huangzhou. Lakini aliyekuwa akiizingira Anqing safari hii ni jeshi la Zeng Guofan, na Zeng alikuwa mtu wa kusaga meno na kubaki pale pale. Hakuuachia mji ule kwa ajili ya Wuhan. Anqing ikaanguka Septemba 1861.

Kisa cha 1860 kinanifundisha jambo ambalo naliona halisemwi vya kutosha. Li Xiucheng alikuwa akiokoa mji wake mwenyewe. Anayeokoa na anayeokolewa walikuwa upande mmoja, kwa hiyo muda ulikuwa na thamani ileile kwa wote. Kila siku Nanjing ilipoumia, Li naye aliumia. Mao Zedong alipoiandikia mbinu hii mwezi Mei 1938, katika maelekezo ya vita vya msituni dhidi ya Japani, aliiweka katika mazingira hayohayo: adui akikaa muda mrefu katika eneo letu la ngome, tuache sehemu ya watu wetu wamkabili hapo, na jeshi letu kuu liende kushambulia kule alikotoka, mpaka aondoke. Watu walewale, eneo lilelile. Katika hali hiyo mbinu ni safi kabisa.

Inapotumiwa na wa tatu ndipo inapobadilika. Wa tatu ana saa yake mwenyewe. Kwa Qi, kila siku ya mzingiro wa Handan iliyopita ilikuwa faida, kwani iliipunguza Wei bila kuigharimu Qi hata punje ya mtama. Njia ya mzunguko ikampa Qi kitu kingine cha thamani: sababu ya heshima ya kutofika. Nani angeweza kumlaumu? Alikuwa njiani kuelekea Daliang.

Kwa hiyo ninapowasikia wakufunzi wa biashara wakiutumia msemo huu kuwaambia watu wapige soko ambalo mpinzani amelisahau, sina ugomvi nao. Hapo hakuna Handan. Ugomvi wangu ni pale unapotumiwa katika siasa na uhusiano wa mataifa, kueleza kwa nini mwenye nguvu aliyeahidi msaada yuko mahali pengine akifanya jambo lingine. Aliye ndani ya kuta ana haki ya kuuliza maswali mawili ya wazi. Msaada huu unafika lini kwa saa yangu mimi? Na mwisho wa vita, hasara yangu ni faida ya nani? Kama majibu hayapatikani, ajue huenda yeye ndiye farasi wa mbio ya kwanza.

Wanaodhani kwamba zama zile hazikujua njia nyingine ya kusaidia wakumbuke kwamba Handan ilizingirwa tena. Baada ya Qin kuliangamiza jeshi la Zhao huko Changping mwaka 260 KK, ambako Sima Qian anahesabu zaidi ya watu 400,000 waliopotea, majeshi yake yalikuja kuukaba mji. Zhao ikaomba msaada, na safari hii iliomba Wei, adui wa zamani. Mfalme wa Wei alimtuma jemadari Jin Bi na watu 100,000. Mfalme wa Qin akatangaza kwamba atakayeisaidia Zhao ndiye atakayefuata kushambuliwa. Mfalme wa Wei akaogopa, akamwamuru Jin Bi asimame katika mji wa Ye, kati ya kwenda na kutokwenda, aangalie upepo.

Ndugu wa mfalme huyo, Wei Wuji, anayejulikana zaidi kwa cheo chake cha Bwana wa Xinling, alikuwa na dada aliyeolewa Zhao, na barua za kumlilia zilikuwa zikifika mfululizo. Alimsihi mfalme mpaka akakata tamaa, akakusanya magari mia na ushei ya wafuasi wake aende kufa pamoja na Zhao. Mzee Hou Ying, mlinzi wa lango la mji mwenye umri wa miaka 70, alimwambia huko ni kumtupia chui-milia mwenye njaa kipande cha nyama. Akamwelekeza kwa Bibi Ru, mke mdogo wa mfalme, ambaye Xinling alikuwa amelipiza kisasi cha baba yake. Bibi huyo akaiba chumbani mwa mfalme nusu ya alama ya chui-milia iliyotumika kuthibitisha amri za jeshi. Jin Bi alipoitilia shaka, mchinjaji aitwaye Zhu Hai akamuua kwa nyundo ya chuma.

Jambo la kwanza alilofanya Xinling baada ya kulishika jeshi lile, nalo ndilo linalonivuta kila ninapoisoma habari hii, lilikuwa kutoa amri tatu. Baba na mwana wakiwa wote jeshini, baba arudi nyumbani. Ndugu wawili wakiwa jeshini, mkubwa arudi. Mtoto wa pekee arudi akawatunze wazazi. Wakabaki 80,000, idadi ileile ambayo mianzi inampa Tian Ji. Hawa hawakupelekwa Pingling yoyote. Walikwenda moja kwa moja Handan, na pamoja na jeshi la Chu wakauvunja mzingiro mwaka 257 KK, mji ukiwa bado unapumua. Tendo hilo nalo lina msemo wake wa maneno manne, qie fu jiu Zhao, iba alama ya jeshi, iokoe Zhao. Haumo katika Mbinu Thelathini na Sita.

Xinling alilirudisha jeshi nyumbani na majemadari wengine. Yeye, mwizi wa alama ya mfalme, hakuthubutu kurudi, akaishi Zhao miaka kumi. Kisha Qin ikaigeukia Wei, kama ilivyokuwa imetishia, na mfalme akatuma watu kumsihi mdogo wake arudi. Alirudi, akapewa jeshi lote. Falme nyingine ziliposikia kwamba kiongozi ni yeye, zilituma majemadari na askari wao kuja kuisaidia Wei, na mwaka 247 KK akaliongoza jeshi la falme tano hadi kuwashinda Qin na kuwarudisha nyuma kuelekea magharibi.